Kifaa kikubwa cha wino wa kielektroniki kwa msomi: inchi 10 zinatosha, au 13?

*"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arua, na nimeanza shahada ya uzamivu Makerere kuhusu tenzi za kale. Nina mafaili ya PDF zaidi ya mia tatu: makala za majarida, tasnifu za watu, vitabu vya zamani vilivyopigwa skani na picha za miswada ya hati za Kiarabu. Nasoma kwa simu na kwa kompyuta mpakato kuukuu, usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Kichwa kinaniuma, macho yanawaka, na siku hizi najikuta naisogeza simu mbali ndipo nione. Nina miaka 43. Kila nikienda Kampala kumwona msimamizi wangu napitia Wandegeya kutoa kopi, narudi na mzigo wa karatasi. Nimesikia kuna vifaa vya wino wa kielektroniki ambavyo haviharibu macho na unaweza kuandika juu yake kwa kalamu. Ndugu yangu aliye Uingereza anasema ninunue cha inchi 10, atakuja nacho. Mwenye duka mmoja Kampala anasema niachane navyo, nichukue tableti ya kawaida. Bajeti yangu ni shilingi milioni mbili. Je, inchi 10 zinatosha, au nisubiri nipate uwezo wa inchi 13? Na cha rangi kina faida yoyote?"*

Pole na kazi, Mwalimu, na hongera kwa kuianza safari hiyo huku ukiendelea kufundisha. Kazi yangu ni kuwasaidia wasomi kupanga na kusoma mafaili yao, na mchanganyiko uliouelezea, yaani makala mpya, skani za zamani na miswada, ndio mgumu kuliko yote kwa vifaa hivi. Kwa sehemu kubwa ya ulicho nacho, inchi 10 zitakutosha. Lakini usiamini neno langu wala la ndugu yako kabla hujafanya jaribio moja litakalokugharimu fotokopi chache tu. Nitalieleza. Na kabla ya jaribio hilo, kuna mtu unayepaswa kumwona.

Tuanze na macho, kwa sababu ndiyo yaliyokusukuma kuandika na ndiyo yenye uvumi mwingi. Skrini ya simu haiharibu macho. Huchosha, na kuchoka si kuharibika. Mtu anapokodolea skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, uso wa jicho unakauka, na hapo ndipo macho "yanapowaka". Misuli inayolifanya jicho lione karibu nayo inakaa imekaza kwa saa nzima bila kupumzishwa. Ongeza chumba chenye giza na skrini inayong'aa, mng'ao wa taa ya dari juu ya kioo, na herufi ndogo, na kichwa lazima kiume. Kuhusu mwanga wa buluu unaotisha watu, chama cha madaktari bingwa wa macho wa Marekani kimesema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanga huo wa skrini unadhuru macho, na hakipendekezi miwani ya kuuzuia. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia kifaa cha wino wa kielektroniki kama dawa ya macho anakuuzia maneno.

Tena kuna hiyo habari ya kuisogeza simu mbali. Mwalimu, hiyo kwa umri wako karibu kila mara ni lenzi ya jicho kuanza kukakamaa. Huanza watu wakifikia miaka arobaini hivi, haina uhusiano na simu, na hakuna skrini duniani itakayoirudisha nyuma. Inayosaidia ni miwani ya kusomea iliyopimwa vizuri. Ukinunua kifaa cha milioni na zaidi huku unahitaji miwani, utasoma wiki mbili kwa furaha ya kitu kipya kisha kichwa kitarudi palepale. Kapime macho kwanza. Safari yako inayofuata ya Kampala, weka nusu siku kwa ajili ya kitengo cha macho cha Mengo au Mulago, au mtafute mpima macho aliyesomea kazi hiyo karibu nawe. Miwani ya kubahatisha barabarani iache. Na ukiona vitu viwiliviwili, duara za rangi kuzunguka taa, jicho jekundu lenye maumivu makali, au uoni kupungua ghafla, usingoje safari: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukishapata miwani, wino wa kielektroniki utakusaidia kweli, na ni vizuri ujue kwa nini. Chini ya uso wa skrini hiyo kuna vidonge vidogo mno, kila kimoja na upana unaokaribia wa unywele. Ndani yake mna majimaji maangavu yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa chini ya kidonge, chembe za rangi moja huvutwa juu na za rangi nyingine hushuka. Nyeusi zikiwa juu unaona nukta ya wino, nyeupe zikiwa juu unaona karatasi. Chembe zikishakaa mahali pake hukaa hapohapo hata umeme ukikatwa. Ndiyo maana ukurasa uliosimama hauli chaji, na ndiyo maana betri hudumu siku nyingi.

Mwanga unaokufikia machoni ni ule wa chumba au wa jua uliogonga skrini na kurudi, kama ilivyo kwa kitabu. Ukikaa chini ya mwembe saa saba mchana simu inakuwa kioo cheusi, ila kifaa hiki kinazidi kuwa wazi. Ubaya wake unatoka mahali hapohapo: chembe zinasafiri ndani ya majimaji, na safari hiyo ina polepole yake. Kufungua ukurasa kuna mmweko mfupi, kusogeza juu na chini kunaacha vivuli vya maandishi yaliyopita, na kuruka kutoka ukurasa wa 12 hadi wa 214 kisha kurudi kunachosha. Msomaji anayesoma kwa kufuata mstari baada ya mstari atafurahi. Anayepekuapekua atakereka. Jiulize wewe ni yupi katika wiki ya kawaida.

Sasa ukubwa. Watu hubishana kuhusu inchi bila kutazama karatasi, na tatizo lako ni karatasi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Skrini ya inchi 10.3, ambayo ndiyo hutajwa kama "inchi 10", ina takriban milimita 157 kwa 210. Ile ya 13.3 ina takriban 203 kwa 270. Ukifungua PDF ya A4 kwenye inchi 10.3, ukurasa mzima utapungua hadi asilimia 71 ya ukubwa wake. Herufi ya pointi 12 ya tasnifu inakuwa kama ya 8.5, inasomeka. Herufi ya pointi 9 ya jarida la safu mbili inashuka hadi pointi 6 na kitu, nayo kwa jicho la miaka 43 ni adhabu. Kwenye 13.3 ukurasa huohuo unabaki asilimia 91. Na kwenye simu yako, ukurasa mzima unakuwa theluthi moja ya ukubwa wake. Kichwa hakikuumi bure.

Kuna bahati nzuri hapa ambayo wauza vifaa hawaitumii. Asilimia 71 ndicho kipimo kilekile ambacho mashine ya fotokopi hutumia kupunguza A4 kuwa A5. Nenda kwa mtu wako wa kopi, pale Arua au Wandegeya, umpe kurasa tano ulizochagua wewe: ukurasa wa makala yenye herufi ndogo kuliko zote, ukurasa wenye tanbihi nyingi, ukurasa wa tasnifu, ukurasa wa kitabu cha zamani, na picha ya mswada. Mwambie atoe kwa asilimia 71. Kisha mwambie atoe zilezile kwa asilimia 85. Karatasi za kwanza ndivyo utakavyoona kwenye inchi 10.3 ukifungua ukurasa mzima. Za pili ndivyo utakavyoona ukishakata pambizo nyeupe, kitu ambacho karibu vifaa vyote hivi vinafanya, kwa sababu ukurasa wenye pambizo za milimita 25 pande zote una maandishi ya milimita 160 kwa 247 tu, na hayo yanaingia kwenye skrini kwa asilimia 85. Soma karatasi hizo usiku, mahali unaposomea kila siku, ukiwa na miwani mipya, kwa saa nzima na si dakika mbili. Andika pembezoni kwa kalamu ya kawaida uone kama mkono una nafasi.

Nadhani utagundua kwamba makala na tasnifu zinapita, na kinachokushinda ni mafaili machache. Nasema hivyo kwa sababu ya taaluma yako. Vitabu na majarida mengi ya fasihi na lugha hayachapwi kwa A4, huchapwa kwa kurasa zinazokaribia inchi 6 kwa 9, yaani milimita 152 kwa 229. Ukurasa kama huo kwenye skrini ya 10.3 unabaki zaidi ya asilimia 90 hata kabla ya kukata pambizo. Mhandisi mwenye michoro au daktari mwenye majarida ya safu mbili ningemwambia asubiri 13.3. Mtu wa tenzi sina sababu ya kumwambia hivyo, ila karatasi za fotokopi zikikataa.

Kwa kurasa zilizobaki ngumu, kuna njia nyingine: laza kifaa. Upana wa skrini unakuwa milimita 210, sawasawa na upana wa A4, na ukurasa unasomeka kwa ukubwa wake kamili, nusu ya juu kisha nusu ya chini. Kuandika pembezoni hapo kunakuwa kwa tabu kidogo, lakini kusoma ni raha.

Nikae zaidi kwenye skani na miswada, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inaweza kupotea. Skani nyingi za vitabu vya zamani zimepigwa kurasa mbili kwa picha moja, kitabu kikiwa wazi. Ukifungua faili kama hilo kwenye skrini ya inchi 10 au hata 13, unaona kurasa mbili ndogo zenye kivuli cheusi katikati na karatasi iliyogeuka kijivu. Wino wa kielektroniki una ngazi 16 tu za kijivu, na karatasi ya kijivu chini ya maandishi ya kijivu hufifia kabisa. Mtu hulaumu kifaa, wakati kosa liko kwenye faili. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo ScanTailor, inayokaa kwenye kompyuta: inatenganisha kurasa mbili, inanyoosha zilizopinda, inafuta vivuli na kubakiza weusi juu ya weupe. Itakula jioni yako moja kwa kitabu kimoja mwanzoni, baadaye utazoea. Kisha pitisha faili kwenye programu ya kutambua maandishi. Tesseract, ambayo nayo ni ya bure, ina data ya Kiswahili. Bila hatua hiyo skani ni picha tupu: huwezi kutafuta neno, na kalamu ya kupigia mstari haishiki maneno, inachora juu tu.

Miswada ya hati za Kiarabu usiifanyie hivyo. Unajua kuliko mimi kwamba nukta moja chini inaifanya herufi kuwa ba na mbili juu zinaifanya ta. Programu inayosafisha madoa haijui tofauti ya doa la mende na nukta ya mwandishi, itafuta vyote. Picha za miswada ziache zilivyo, ongeza tu ukolezi wa weusi, na uzikuze ubeti kwa ubeti. Na nikwambie ukweli: kwa kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, kukuza hapa na kurudi pale, kompyuta yako kuukuu itaishinda skrini yoyote ya wino. Kazi hiyo iache kwenye kompyuta.

Rangi inaingia hapahapa. Vifaa vingi vya rangi vya aina hii hutumia teknolojia ya Kaleido 3, ambayo ni skrini ileile nyeusi na nyeupe iliyowekewa kichujio cha rangi juu yake. Maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, lakini rangi ina 150 tu, na kichujio kinameza sehemu ya mwanga, kwa hiyo karatasi yake ni ya kijivu zaidi na utawasha taa hata mchana ndani ya nyumba. Kama miswada yako ina wino mwekundu wenye maana, utauona, kwa rangi zilizopauka. Kwa mtu anayesoma maandishi meusi saa tatu kila usiku, mimi nisingebadilisha weupe wa karatasi kwa rangi hizo. Chukua nyeusi na nyeupe, na miswada yenye wekundu itazame kwenye kompyuta.

Kuhusu kuandika. Kalamu nyingi za vifaa hivi hutumia teknolojia ya Wacom: chini ya skrini kuna tabaka linalotoa uga wa sumaku, na kalamu inajipatia nguvu humo, haina betri. Ndiyo maana kalamu nyingi za tableti za kawaida hazitafanya kazi hapo, wala ile yenye kichwa cha mpira. Baadhi ya vifaa, kama Kobo Elipsa 2E na reMarkable Paper Pro, vina kalamu za kuchaji, na hilo ni jambo la kufikiriwa mahali ambapo umeme hukatika. Ncha za kalamu hulika kwa kusugua skrini, hivyo mwambie ndugu yako aje na za akiba.

Lakini swali zito la kuandika linahusu mahali maandishi yako yanapoishi. Unapoandika pembezoni mwa makala, kifaa kinaweza kuyaweka maandishi ndani ya PDF yenyewe kwa kanuni inayoeleweka na programu nyingine, au kikayaweka kwenye faili lake la pembeni ambalo kinalielewa chenyewe tu, au kikakutolea nakala ambayo wino umegandishwa kwenye picha ya ukurasa. Kwa mtu anayesoma riwaya haijalishi. Wewe utafanya kazi hii miaka kadhaa, na mwaka wa tatu utataka kukusanya kila ulichopigia mstari kuhusu vina na mizani. Kama maandishi yako yamefungiwa ndani ya kifaa, siku kinapasuka umepoteza usomaji wako wote. Jipatie Zotero kwenye kompyuta, ni ya bure. Hupanga makala na marejeo yako, na huweza kutoa nje mistari uliyopiga ndani ya PDF ikiwa imehifadhiwa kwa kanuni ya kawaida. Nafasi yake ya bure mtandaoni ni megabaiti 300 tu, haitoshi skani zako, kwa hiyo mafaili yahamishe kwa waya. Utaokoa na bando. Kila Jumapili toa nakala ya ulichoandika, uiweke kwenye kompyuta na kwenye flashi moja isiyotembea na wewe.

Usitegemee kwamba kifaa kitausoma mwandiko wako na kuugeuza maandishi ya kutafutika. Piga mstari kwa kalamu ya kupigia mstari kwenye maneno unayotaka kuyanukuu, na mwandiko wa mkono utumie kwa kufikiri. Tena kuandika sura zenyewe na kujibu masahihisho ambayo msimamizi wako ameyaingiza kwenye faili kutabaki kazi ya kompyuta. Hiki ni kifaa cha kusomea, hakitachukua nafasi ya kompyuta yako.

Yule mwenye duka hakukudanganya, basi. Tableti ya kawaida ya inchi 10 au 11 yenye kalamu ina kasi, ina rangi kamili, inafungua miswada vizuri, kioo chake kikivunjika kuna fundi wa kukibadilisha Kampala, na ina dhamana ya karibu. Kama sehemu kubwa ya kazi yako ingekuwa picha na kupekua, ningekwambia umsikilize. Inachokosa ni ile saa ya nne usiku. Kwa mtu anayesoma kurasa nyingi mfululizo baada ya siku ya darasani, naona tofauti ni kubwa: ujumbe wa WhatsApp hauingii katikati ya ubeti, mng'ao haupo, na mkono unaandika juu ya kitu kinachokaribia karatasi. Kwa hilo nasimama upande wa wino.

Kwenye vifaa vyenyewe, sharti la kwanza kwako ni taa ya mbele. reMarkable 2, inayosifiwa kwa raha ya kuandika, haina taa kabisa. Umeme ukikatika Arua, usomaji umekwisha au unashika tochi kwa meno. Iache. Kindle Scribe, iliyotoka 2022 kwa bei iliyoanzia kama dola 340, ina skrini kali ya nukta 300 kwa inchi na taa nzuri, ila inapenda mafaili yapitie mfumo wa Amazon, na mtu mwenye skani mia tatu atachoka nayo. Kobo Elipsa 2E, iliyotoka 2023 kwa kama dola 400 pamoja na kalamu, inapokea mafaili kwa waya bila maneno. Ningekuchagulia hata hivyo moja ya Boox Note Air isiyo ya rangi yenye taa, hata ikiwa ya toleo lililopita. Inatumia Android, mafaili yanakaa kwenye folda zake kama kwenye simu, na programu yake ya kusomea inakata pambizo, inagawa ukurasa wa safu mbili, inakoleza weusi wa skani hafifu, na inakubali kalamu juu ya PDF hiyohiyo. Ubaya wake ni mipangilio mingi inayochanganya siku za kwanza, na Android yake hubaki nyuma ya wakati. Usiweke humo programu za benki wala za pesa za simu.

Milioni mbili zako ni zaidi kidogo ya dola 500. Zinafika hapo, pamoja na kifuniko kigumu. Cha inchi 13.3 kama Boox Tab X kilitoka kwa karibu dola 880, na hapo bado hujakisafirisha. Kama jaribio la fotokopi halijakulazimisha, sioni sababu ya kusubiri.

Kifuniko kigumu si pambo. Skrini nyingi hizi zimejengwa juu ya kioo chembamba sana, na hazivunjiki kwa kuanguka tu, huvunjika kwa kubanwa. Basi la usiku kutoka Arua, begi limekaliwa na gunia la mtu, au limebanwa kati yako na dereva wa boda, yatosha. Alama yake ni mstari au doa lisilobadilika ukurasa ukigeuzwa, na kubadilisha skrini hiyo hukaribia bei ya kifaa kingine. Basini kipakate.

Dhamana mara nyingi hufuata nchi ya ununuzi, kwa hiyo risiti abaki nayo ndugu yako, na nakala yake uwe nayo wewe. Akikituma kwa kampuni ya usafirishaji badala ya kuja nacho, URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, watakadiria ushuru juu ya bei pamoja na usafiri na bima, na kuna VAT ya asilimia 18. Ongea na wakala wa forodha kabla kifaa hakijaondoka, umuulize kitaingizwa katika kundi gani la bidhaa. Usiache kiasi hicho nje ya bajeti.

Na kuwa na ndugu Uingereza kuna faida nyingine. Huko, bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni kwa kawaida mnunuzi ana siku 14 tangu kuipokea za kughairi na kurudishiwa fedha. Mtumie leo mafaili yako matatu: makala yenye tanbihi, skani ya kitabu uliyoisafisha, na picha ya mswada. Siku atakayokipokea kifaa, ayafungue yote matatu, apige mstari kwenye sentensi mbili za makala, aandike jina lako pembezoni kwa kalamu, alitoe faili na akutumie kwa barua pepe. Wewe lifungue kwenye kompyuta yako pale Arua, ndani ya Zotero. Mstari ukionekana kwenye orodha, na jina lako likasomeka mahali alipoliandika, mwambie akipakie. Yasipoonekana, akirudishe kabla siku hazijaisha.